Wadau wa kathlabu, hivi aproni ya risasi peke yake inatosha?

nesi_wa_moyo

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni nesi, nimehamishiwa kathlabu (kile chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo kwa kuangalia eksirei) hivi karibuni kutoka wodini na kazi naipenda kusema ukweli, maana mgonjwa anaingia kashika kifua jasho linamtoka, mshipa unazibuliwa, muda si mrefu anaulizia simu yake iko wapi. Sasa kinachoninyima raha ni mionzi. Nilipofika nilipewa aproni nzito ya risasi (yale madini, sio ya bunduki) na kola ya shingoni nikaambiwa vaa, ukishavaa we huna shida. Basi, semina ikaishia hapo. Beji ya kupimia mionzi nimepewa pia ila wenzangu wengi wanaziacha kwenye droo, na dokta anayefanya kesi nyingi kuliko wote sijawahi kumwona nayo hata mara moja. Nikiuliza naambiwa nisiwe mwoga.

Naomba kujua, hiyo aproni inazuia kweli au ni ya kututuliza tu? Macho je? Wengine naona wana miwani mizito, wengine wako kavukavu. Halafu kuna dada wa usafi anagoma kuingia hata mashine ikiwa imezimwa, anasema mionzi inabaki kwenye kuta, nami nikakosa la kumjibu. Na kuna aliyeniambia nikikaa humo muda mrefu sitazaa. Wenye uzoefu nifafanulieni, msinitishe na msinibembeleze.

fundi_picha

Karibu sana dada. Mi ni radiografa, yaani mtu wa mashine ya eksirei, kathlabu ndo kwangu, ngoja nianze na huyo dada wa usafi maana hilo ni jepesi. Mionzi ya eksirei inatengenezwa na umeme ndani ya tyubu, dokta akitoa mguu kwenye pedali imekwisha palepale. Haibaki ukutani, haibaki kwenye mashuka, haibaki hewani, na mgonjwa hatoki nayo. Nadhani kachanganya na vipimo vya nyuklia, kule mgonjwa anachomwa dawa yenye mionzi na kweli anatembea nayo kwa muda. Huku kwetu hakuna kitu hicho, mwambie aingie apige deki.

Sasa tuje kwako. Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi siku ya kwanza ni kwamba mionzi inayokupata wewe haitoki moja kwa moja kwenye mashine, inatoka kwa mgonjwa. Mwali unatoka kwenye tyubu chini ya meza, unapanda, unapita kifuani kwa mgonjwa, unapokelewa na ditekta juu. Ule mwali wenyewe umebanwa, haukugusi labda uingize mkono. Ila ukishagonga mwili wa mgonjwa sehemu yake inarukia kila upande, kama maji ya bomba lenye presha ukiyaelekeza kwenye jiwe. Huo mtawanyiko ndo unaokula wewe na dokta na kila aliyesimama humo. Kwa makadirio ya haraka, ukiwa mita 1 kutoka kwa mgonjwa unapata kama sehemu moja ya elfu ya kile kinachotua kwenye ngozi yake. Inaonekana kidogo, lakini yeye anakuja mara moja na kwenda zake, wewe upo leo na kesho na keshokutwa.

Ukishalielewa hilo mengine yanajipanga yenyewe. Chochote kinachompunguzia mgonjwa mionzi kinakupunguzia na wewe. Na umbali ndo kinga ya bure kuliko zote, ukitoka mita 1 ukaenda mita 2 dozi (kiasi cha mionzi unachopata) inashuka mpaka robo, sio nusu, ROBO. Dokta hawezi kurudi nyuma kwa sababu kashika katheta, ule mrija ulioingia kwenye mshipa, wewe mara nyingi unaweza. Kwa hiyo akisema anarekodi, wewe toka hatua mbili tatu nyuma, na kama unaweza jibanze nyuma ya kizuizi cha magurudumu au nyuma ya dokta mwenyewe (yeye hatapenda nikisema hivi 😂). Kurekodi ndo kunakula mionzi kuliko kuangalia kwa kawaida, fremu (picha) moja ya kurekodi inaweza kuwa mara 10 au zaidi ya fremu moja ya fluoroskopi, yaani ile ya kuangalia tu.

Aproni inazuia, tena sana. Ya milimita 0.5 za risasi inakata zaidi ya asilimia 90 ya mtawanyiko. Ila angalia umepewa ipi. Kuna zile za mbele tu mgongoni kamba, hizo ukigeuka kuchukua stenti (kile kibomba cha kushikilia mshipa wazi) kwenye kabati mashine ikiwa inawaka, mgongo wote uko wazi na ile risasi uliyovaa mbele haikusaidii kitu. Nesi wa kathlabu anageuka kila saa, omba ile ya kuzunguka mwili mzima, ya vipande viwili. Nyingi zake ni milimita 0.25 ambazo mbele zinapandana zinakuwa 0.5.

Na lile pazia la risasi linaloning'inia pembeni ya meza msilitoe. Mtawanyiko mkali zaidi uko CHINI ya meza, kule mwali unakoingilia, kwa sababu hapo bado una nguvu zake zote. Watu wanalinda kifua wanasahau miguu.

kobe_mzee

Kwa iyo mkuu unakubali kwamba mnaungua taratibu 😂😂 mi nilijua tu, ndo maana binamu yangu wa idara hiyo kapata upara

fundi_picha

@kobe_mzee upara ni wa ukoo wenu kaka usitusingizie.

dokta_wa_pedali

Nimesoma yote, radiografa kasema vizuri. Mimi ni daktari wa moyo, nazibua mishipa, kwa hiyo mimi ndo yule anayekanyaga pedali na lawama nyingi za mionzi humo ndani zinastahili kuja kwangu na wenzangu. Niseme upande wetu.

Mionzi ya chumba kizima inaamuliwa na mguu wa dokta. Utakuta mtu kashaona anachotaka kuona, anaongea na fundi kuhusu saizi ya puto la kuzibulia mshipa, mguu bado umekanyaga, picha inatembea tu ya moyo unaodunda ambao hakuna anayeuangalia. Hiyo ni mionzi ya bure kwa watu wote. Pili ni idadi ya fremu. Mashine nyingi zinakuja zimewekwa fremu 15 kwa sekunde na watu wanaziacha hivyohivyo, ukishusha mpaka 7.5 unakata karibu nusu, na macho yanazoea haraka sana. Wapo wanaolalamika picha inakatakata, wakishazoea hawarudi. Tatu ni kubana mwali, kama unaangalia ncha ya waya usifungue picha ya kifua kizima. Kubana kunakupa na picha nzuri zaidi kwa sababu mtawanyiko unaoingia ditekta unapungua, kwa hiyo sijui kwa nini watu hawafanyi. Kukuza picha nako kunapandisha dozi. Meza ipande juu iwe mbali na tyubu, ditekta ishuke imkaribie mgonjwa, usiache uwazi katikati.

Halafu pembe. Hii manesi waielewe kwa sababu inawahusu. Dokta kwa kawaida anasimama kulia kwa mgonjwa. Ditekta ikilazwa kuelekea kushoto kwa mgonjwa, tyubu kule chini inakuja upande wa kulia, yaani upande wetu, na upande wa tyubu ndo wenye mtawanyiko mkubwa. Pembe kali ya kushoto ikichanganywa na kuinamisha kuelekea kichwani ni mbaya kabisa, mwali unapita nyama nyingi, mashine inaona giza inajiongezea nguvu yenyewe. Mgonjwa akiwa mnene ndo zaidi. Kwa hiyo ukiona dokta kaingia pembe hiyo na anakaa nayo, huo ndo wakati wa kurudi nyuma.

Sasa macho. Zamani tuliambiwa lenzi ya jicho inavumilia mpaka milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ile ICRP, ikapendekeza ishuke mpaka 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Hawakushusha kwa uoga. Watu wa kathlabu walipimwa macho wakakutwa na ukungu nyuma ya lenzi, sehemu ambayo mionzi inapenda kuanzia. Utafiti wa Ufaransa ulioitwa O'CLOC ulikuta ukungu wa aina hiyo kwa asilimia 17 ya madaktari wa moyo wa kathlabu, wakati watu wasiofanya kazi na mionzi ilikuwa asilimia 5. Na zile tafiti za RELID zilizoanza 2008 chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ziliwapima na manesi na mafundi, nao wakakutwa nao, sio madokta peke yetu. Kwa wengi ule ukungu haukuwa umeharibu kuona bado, lakini ndo mtoto wa jicho unavyoanza.

Miwani inasaidia ila isikudanganye. Dokta haangalii mgonjwa, anaangalia skrini, kwa hiyo mtawanyiko unampiga kutoka pembeni na kutoka chini, unapenya kati ya shavu na fremu. Miwani ya risasi iliyokaa mbali na uso ni pambo. Iwe na kinga za pembeni, ishike shavu, na skrini iwekwe mbele ya dokta isiwe pembeni akawa amegeuza shingo muda wote.

Kinachoshinda miwani ni kile kioo cha risasi kinachoning'inia kutoka darini. Hapa ndo ninapogombana na wenzangu. Kinapatikana karibu kila chumba na nusu ya muda kimesukumwa pembeni kwa sababu kinagonga ditekta, au kipo ila kimeinuliwa juu na kuna nafasi ya kupitisha ngumi kati ya kioo na tumbo la mgonjwa. Mionzi inapita hapohapo kwenye hiyo nafasi. Kiteremsheni mpaka kimguse mgonjwa, na kila pembe ikibadilika kisogezwe tena. Nesi una haki ya kukisogeza wewe mwenyewe, usisubiri kuombwa.

Na beji. Nitasema wazi kwa nini wenzangu wanaziacha kwenye droo, sio kusahau. Wanaogopa namba ikipanda wataambiwa wapumzike na kesi atapewa mwingine. Sasa matokeo yake ni haya: beji ya droo inasoma karibu na sifuri, ripoti ya mwaka inaonyesha idara iko salama kabisa, halafu siku mnaomba kioo kipya au aproni za kutosha mnaonyeshwa karatasi mliyoipika wenyewe. Na nesi aliyevaa yake kwa uaminifu ndo anaonekana ana dozi kubwa kuliko dokta anayesimama mbele yake, anaulizwa yeye eti anafanya nini huko ndani. Nimeona hilo likitokea na liliniudhi sana.

nesi_wa_moyo

Dokta asante sana, hapo kwenye beji umegusa penyewe. Sasa nina swali, mimi mara nyingi nasimama upande wa kichwani kwa mgonjwa kwa sababu dripu iko huko na natakiwa kuchoma dawa katikati ya kesi. Hapo ni salama? Na glavu za risasi zinafaa? Niliziona kwenye katalogi. Halafu kuhusu kuzaa hamjanijibu wakuu.

fizikia_tiba

Nikusaidie mimi, ni mwanafizikia wa hospitali, kazi yangu ndo hizo namba.

Kuzaa kwanza. Kwa mwanaume mbegu kupungua kwa muda huanza kwenye dozi ya kama miligrei 100 (kwa eksirei ichukulie kama milisiveti tu) zikipigwa korodani kwa mkupuo. Kwa mwanamke ugumba wa kudumu uko huko kwenye karibu grei 3 kwa mkupuo, yaani miligrei 3000. Wewe chini ya aproni, ukifanya kazi kwa utaratibu, mara nyingi mwaka mzima haufiki hata milisiveti 2. Binadamu yeyote, hata asiyejua eksirei ni nini, anapokea wastani wa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye hewa anayovuta. Kwa hiyo aliyekwambia hutazaa mwambie atafute lingine. Kiwango cha juu cha mfanyakazi kwa mwili mzima kwa mapendekezo ya ICRP ni milisiveti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5, na hakuna mwaka wa kuzidi 50. Nchi zingine zina namba zao, kwa mfano Marekani bado wana 50 kwa mwaka.

Kinachobaki ni hatari ya saratani, hiyo haina kizingiti tunachoweza kusema hapa ndo mwanzo, tunachukulia kwamba kila kidogo kinaongeza uwezekano kidogo, ndo maana tunabanana na vitu vidogovidogo kama fremu na hatua mbili nyuma. Mtasikia pia habari za uvimbe wa ubongo upande wa kushoto. Ni kweli ilichapishwa mwaka 2013, walikusanya wagonjwa 31 ambao wenyewe ni madaktari wa kazi hizi, kwa 26 ilijulikana upande na 22 kati yao ulikuwa kushoto, na kushoto ndo upande wa kichwa cha dokta unaoelekea kwa mgonjwa. Inashtua. Ila hiyo ni orodha ya watu waliojulikana, haikuhesabu ni madaktari wangapi kwa jumla walifanya kazi hiyo bila kuumwa, kwa hiyo haithibitishi kwamba mionzi ndo sababu. Mi nachukulia kama sababu nzuri ya kuteremsha kioo.

Beji zinatakiwa ziwe mbili kwa wanaokaa karibu na mgonjwa, moja chini ya aproni kifuani na nyingine juu ya kola upande wa kushoto. Ya ndani inasema mwili umepata nini, ya nje inasaidia kukadiria macho na kichwa. Ukivaa moja tu na ukaivaa ndani, macho hatutayajua kabisa. Na msizibadilishane, nimewahi kupokea beji ya ndani inasoma mara nyingi zaidi ya ya nje, nikajua hapa kuna mtu kavaa kinyume. Kama bajeti ipo kuna zile zinazoonyesha dozi palepale kwenye skrini kwa rangi, kijani, njano, nyekundu. Hizo zinabadilisha tabia ya watu kuliko semina yoyote, dokta akiona nesi wake kawa mwekundu ghafla mguu unatoka kwenye pedali bila kuambiwa.

Kuhusu kusimama kichwani, hapo pana shida kidogo. Upande wa kichwani uko karibu na kifua, na lile pazia la meza wala kioo cha dokta havikufikii. Suluhisho la kwanza ni mrija wa dripu uongezwe urefu ili uchome dawa ukiwa mbali. La pili, ombeni kizuizi cha magurudumu kikae huko kichwani. La tatu, kabla hujasogea mwambie dokta, asimamishe. Wanaopata tabu zaidi kuliko wewe ni watu wa dawa ya usingizi na wale wanaoshika kifaa cha ekoo (ultrasound ya moyo) cha kooni kwenye kesi za valvu, wanakaa karibu mno na tyubu na hakuna anayewafikiria wakati vizuizi vinapangwa.

Glavu za risasi, ukiziingiza kwenye mwali ni hasara. Mashine inaona giza, inaongeza nguvu, dozi ya mgonjwa na ya mkono wako zote zinapanda. Mkono usiingie kwenye mwali, full stop. Clarence Dally aliyekuwa msaidizi wa Edison alikuwa anajaribishia tyubu kwa mikono yake mwenyewe, akaishia kukatwa mikono na kufariki 1904, Edison akaachana na eksirei. Na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Röntgen kuigundua 1895.

dokta_wa_pedali

Niongezee hapo kwenye mkono. Siku hizi kesi nyingi tunapitia mkononi badala ya kwenye paja kwa sababu mgonjwa havuji damu sana, na hilo ni zuri kwake, ila dokta na msaidizi wake wanapata mionzi mingi kidogo kuliko wakipitia pajani. Sio sababu ya kurudi pajani. Ni sababu ya kuuvuta mkono wa mgonjwa chini ukae sambamba na mwili, kutumia mrija wa kuunganisha mrefu usimame karibu na miguu kadri inavyowezekana, na zile shuka tasa zenye madini ya kuzuia mionzi zinazowekwa juu ya tumbo la mgonjwa zinasaidia pia. Ila shuka yenyewe isiingie kwenye picha, yale yale ya glavu.

mama_kijacho

Samahani naingilia, mimi ni fundi wa kathlabu na nina ujauzito mchanga, bado sijasema kazini. Nikisema si wataniondoa? Na nikikaa kimya mtoto atakuwa salama chini ya aproni?

fizikia_tiba

Dada hongera. Sema mapema, na uombe kwa maandishi. Kuanzia unaposema ndo kinga ya mtoto inaanza kuhesabiwa, ICRP wanapendekeza mtoto tumboni asizidi milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito. Unaongezewa beji ya tumboni, inavaliwa chini ya aproni na inasomwa kila mwezi, sio kungoja miezi mitatu. Kwa mtu anayevaa aproni ya milimita 0.5 na kukaa kwenye nafasi yake, mara nyingi beji hiyo inasoma kitu kidogo sana, kwa hiyo kisayansi kuondolewa chumbani sio lazima, na wapo wanaoendelea mpaka mwisho. Wapo pia wanaoomba kukaa upande wa kompyuta nyuma ya kioo, na hilo nalo ni haki yako, usilazimishwe upande wowote. Uliza kwanza rekodi yako ya mwaka jana, itakwambia zaidi kuliko mimi. Kama uliivaa beji lakini.

mama_kijacho

Nilivaa. Asante sana, nimepumua.

mgongo_wangu

Mnaongelea mionzi tu, mgongo hamuuongelei. Mi ni wa usingizi, nimevaa yale madude miaka na miaka, kilo kadhaa mabegani kutwa nzima umesimama, leo hii shingo haigeuki vizuri na kiuno kinajua hali ya hewa kabla ya mimi. Nesi ukiweza chukua ya vipande viwili, koti na sketi, na ufunge mkanda kiunoni vizuri ili uzito ushuke kwenye nyonga usining'inie begani. Saizi yako kabisa. Ukivaa ya mtu mkubwa makwapa yanakuwa wazi na titi la upande wa kushoto linapigwa kutokea pembeni, hilo wanawake hawaambiwi.

Na aproni haikunjwi!! Kila nikiingia nakuta imekunjwa imetupwa juu ya kiti, mwingine kaikalia. Ndani kuna tabaka, likikunjwa linapasuka na juu kitambaa kinaonekana kizima tu. Inatakiwa itundikwe kwenye hanga yake pana, na angalau mara moja kwa mwaka itandazwe iangaliwe kwa eksirei. Ya kwetu moja ilipotandazwa ilionekana nyeusi yote halafu mstari mweupe umekatiza usawa wa kiuno, pale pale ilipokuwa inakunjwa. Nje haina hata mkwaruzo. Mtu alikuwa anaivaa kila siku anajiona kajikinga.

nesi_wa_moyo

Jamani nimewaelewa. Kesho naanza na hanga na ule mrija wa dripu. Ila niulize la mwisho, huyu dokta wetu ni mkubwa sana kwangu, ni wa kuogopwa, sasa katikati ya kesi namwambiaje atoe mguu ili mimi nisogee? Si nitafokewa mbele ya watu.

fundi_picha

Usimwambie habari za mguu, hapo ndo utafokewa. Sema kwa sauti "dokta nasogea kuchoma dawa", halafu usisogee mpaka ile taa ya mionzi izimike. Yeye anataka dawa iingie, kwa hiyo atatoa mguu mwenyewe. Sisi kwetu tuliliingiza kwenye yale maneno ya kabla ya kuanza kesi, mnapotaja jina la mgonjwa na mzio wake, mnamalizia na fremu ngapi, kioo kiko wapi, nani hajavaa beji. Anayesoma ni radiografa, kwa hiyo haionekani ni nesi kamkosoa dokta. Mtafute radiografa wenu kwanza, muongee nyie wawili kabla ya kesi ya asubuhi.

dokta_wa_pedali

Na akifoka bado sema. Mimi naambiwa hivyo na nesi mdogo kuliko wote humu na natoa mguu.

kobe_mzee

Dokta naomba namba ya huyo nesi aje aongee na bosi wangu 😂